Magunia 320 ya kahawa ya Elgon: maabara ilijibu nini, na daftari likajibu nini

Kisa hiki ni cha kweli. Majina ya chama, kijiji, kiwanda, mnunuzi na maabara nimeyaondoa, na msimu wenyewe sitautaja. Nimebadilisha pia vitu vidogo ambavyo mtu wa kule mlimani angevitambua kwa haraka. Hesabu na mfuatano wa mambo nimeviacha vilivyo, kwa sababu ndimo funzo lilimo. Nilihusika kama mshauri wa ubora wa upande wa wauzaji, kwa hiyo msomaji ajue nilikuwa nimekaa upande gani wa meza.

Usuli

Chama chenyewe ni cha wakulima wadogo upande wa Uganda wa Mlima Elgon. Kina kituo kimoja cha kuoshea kahawa, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa miaka mingi wakulima wa mlima ule walimenya kahawa yao nyumbani kwa mashine ya mkono, wakaichachusha kwenye beseni au ndoo, wakaianika kwenye turubai, kisha wakamuuzia mchuuzi aliyefika wa kwanza. Matokeo yake ni kahawa ya ganda (punje kavu ambazo bado zimo ndani ya ganda lake jembamba) yenye ladha elfu: nyumba hii nzuri, nyumba ile imeoza kidogo. Kituo kilijengwa ili kuondoa tatizo hilo. Mkulima analeta matunda mekundu tu, yanapimwa, yanaandikwa daftarini, yanamenywa siku hiyo hiyo, na kahawa inakauka kwenye vichanja badala ya chini.

Kwa utaratibu huo chama kilimpata mnunuzi wa Ulaya aliyetaka kahawa maalumu, yaani inayofikisha alama 80 au zaidi kati ya 100 mezani kwa waonjaji. Ya kituo hiki ilikuwa ikipata 85. Mkataba ulikuwa wa kontena moja, magunia 320 ya kilo 60, yaani tani 19.2. Jina la kituo lingeandikwa kwenye pakiti, na kwa jina hilo bei ilikuwa juu sana kuliko ya Bugisu ya kawaida, yaani arabika ya Elgon inayouzwa bila jina la kituo.

Jambo la mwisho la usuli: aina kuu za kahawa ni mbili, arabika, ambayo ndiyo ya chama hiki, na robusta, na Uganda ni nchi ya robusta. Mmea huo ni wa asili ya misitu yetu, na sehemu kubwa ya kahawa inayotoka nchini ni hiyo. Arabika ni ndugu mdogo anayeishi milimani: Elgon, Rwenzori, nyanda za juu za Nile Magharibi. Kwa hiyo mnunuzi wa ng'ambo anapoona arabika ya Uganda imeonja vibaya, wazo la kwanza kichwani mwake ni kwamba wamechanganya. Si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Mambo yalivyotokea

Sampuli ya kabla ya kusafirisha ilikwenda ikapata 85. Mnunuzi akakubali. Kahawa ya ganda ikashushwa mjini kwenye kiwanda cha kukoboa, ikakobolewa, ikachambuliwa kwa ukubwa, ikafungwa, ikapitia Malaba hadi Mombasa na kupanda meli. Ilipofika, mnunuzi alionja tena akapata 81. Aliandika kwamba kikombe kimekuwa "bapa", kina ladha ya nafaka, na mwishoni kuna kitu kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Hakupiga simu. Alituma sampuli maabara, na wiki tatu baadaye ukafika waraka wenye mistari miwili tu ya maana: kuna dalili ya robusta, kiasi kinakadiriwa kuwa asilimia 4. Chini yake mnunuzi alidai punguzo kwa mzigo mzima, na kuuliza kwa lugha ya adabu kama kahawa hii inatoka Elgon kweli, maana alikuwa amesikia kwamba kuna vyama vinavyojaza kontena kwa arabika ya magharibi mwa nchi, upande wa Rwenzori.

Kikao cha chama kilifanyika kwa Kiswahili. Kulikuwa na Wagisu, Wasabei, dereva Mnubi na wakala wa usafirishaji kutoka Mombasa, na hiyo ndiyo lugha pekee waliyokutana nayo wote. Mwenyekiti, mzee mwenye sauti ya chini, alisema neno moja lililobaki kichwani mwangu: "Robusta katika mlima huu itoke wapi? Hata ukiipanda huku haistawi."

Alikuwa na haki kuuliza hivyo. Lakini waraka wa maabara nao ulikuwa mezani.

Uamuzi wa kwanza: kutojibu kabla ya kuuliza sampuli ilitoka magunia gani

Wajumbe wengine walitaka tukubali punguzo ili mambo yaishe. Wengine walitaka tukatae kwa hasira. Niliomba tuulize swali moja kwanza: sampuli ilitoka magunia mangapi, na yapi?

Jibu likaja. Magunia matatu, yaliyokuwa karibu na mlango wa kontena.

Kwa kawaida ya biashara, mzigo wa magunia huchomwa bambo (kifaa chenye ncha cha kutolea sampuli ndani ya gunia) angalau gunia moja katika kila kumi, sehemu mbalimbali, kisha kahawa hiyo inachanganywa na kugawanywa. Kwa magunia 320 hiyo ni 32. Magunia matatu ya mlangoni yanakupa habari ya mlangoni tu. Tukamwomba mnunuzi mzigo uchomwe upya mbele ya mkaguzi asiye wa upande wowote, na kila sampuli igawanywe mara tatu: moja yake, moja yetu, ya tatu ifungwe kwa lakiri na kukaa kwa mkaguzi. Alikubali bila ubishi, na kwa hilo namsifu.

Hapa tulisaidiwa na bahati ambayo hatukuistahili. Kijana aliyekuwa mizani pale kiwandani alikuwa na tabia ya kuandika namba kwenye kila gunia kwa kalamu ya wino mzito, kuanzia 1 hadi 320, kwa mpangilio wa kukobolewa. Hakuna aliyemwagiza. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema, "Bosi, nikikosea kuhesabu wananikata mshahara." Namba zile ndizo zilizotuokoa wiki nzima ya kubishana.

Swali la kwanza: kuna robusta ndani?

Watu wengi hudhani robusta inatambuliwa kwa kafeini. Ni kweli kwamba arabika huwa na kafeini ya asilimia 1.2 hivi na robusta hufika 2.2 au zaidi. Sasa piga hesabu: ukichanganya robusta asilimia 4 ndani ya arabika, kafeini inapanda kutoka 1.20 hadi 1.24. Shamba na shamba la jirani hutofautiana kuliko hivyo. Kafeini humkamata mwizi aliyechanganya nusu kwa nusu; mwizi wa kijiko humpita.

Maabara zinatumia kitu kingine, mafuta ya aina ya pekee yaliyomo ndani ya punje yanayoitwa 16-O-metilikafestoli. Robusta inayo kwa wingi. Arabika inayo kwa kiasi kidogo mno, hata kwa miaka mingi watu walisema haina kabisa, mpaka mwaka 2018 watafiti wa Norwich, Uingereza, walipoonyesha kwamba chembe zake zimo hata katika arabika tupu. Uzuri wa kitu hiki ni kwamba hakiharibiki kwa kukaangwa. Kiwango cha Kijerumani kinachotumika, DIN 10779, kimeandikwa kwa ajili ya kahawa iliyokaangwa, na maabara ilikaanga sampuli zetu kabla ya kupima.

Mambo mawili yanatakiwa kuulizwa kila waraka wa aina hii unapokuja. La kwanza, namba ya asilimia ni makadirio. Mashine inapima mafuta, haihesabu punje. Na robusta moja ina mafuta hayo mengi, nyingine machache, hivyo "asilimia 4" inaweza kuwa 3 au 7. La pili, karibu na asilimia moja au mbili mtu anaingia kwenye eneo ambalo arabika yenyewe inaweza kuonekana kama mkosaji.

Kwa sababu hiyo tulifanya jambo ambalo ningemshauri kila muuzaji alifanye: tuliitahini maabara. Katika sampuli tulizopeleka tuliingiza mbili za siri zenye namba kama nyingine. Moja ilikuwa kahawa ya kituo iliyokobolewa kwa kinu kidogo cha sampuli, haijakanyaga kiwanda. Nyingine ilikuwa hiyo hiyo, tukaipimia robusta asilimia 5 kwa mkono. Majibu yakarudi: ya kwanza chini ya kiwango cha kugundua, ya pili kati ya 3 na 6. Tangu hapo hakuna mtu chamani aliyesema mashine inadanganya.

Sampuli 32 zilionyesha robusta katika mbili tu, gunia namba 4 na gunia namba 9. Tukarudi kuchoma magunia yote kuanzia 1 hadi 30. Ilikuwemo kutoka la 1 hadi la 11, nyingi katika manne ya mwanzo, ikipungua, kisha kimya. Na yale matatu ya mlangoni? Yalikuwa namba 2, 5 na 6. Magunia ya kwanza kukobolewa yaliwekwa ndani kabisa ya ghala, kwa hiyo yalipakiwa ya mwisho, kwa hiyo yakakaa mlangoni.

Mpangilio ule ulieleza kila kitu. Kiwanda kile kinakoboa arabika ya mlimani na pia kiboko, yaani robusta iliyokaushwa na tunda lake, inayokuja kutoka Busoga. Usiku kabla ya zamu yetu kilikuwa kimekoboa kiboko. Kwenye mapipa, ndoo za kupandishia na machujio hubaki kilo kadhaa. Kahawa yetu ndiyo iliyofagia mashine. Hata tukisema magunia 11 yalikuwa na wastani wa asilimia 3, hiyo ni kilo 20 hivi ndani ya tani 19.2, kama sehemu moja katika elfu.

Niongeze kitu kinachoniumiza kidogo. Mama mmoja mchambuzi pale kiwandani, aliyekaa miaka mingi kwenye meza ya kuchagua, alimwaga kikombe cha kahawa ya gunia namba 2 kwenye sinia, akazitoa robusta moja moja kwa kidole: punje ya mviringo, mfereji ulionyooka. Ya arabika ni ndefu kidogo na mfereji wake umepinda. Dakika kumi. Kahawa ikiwa mbichi, jicho lililozoea lingetupa jibu kabla ya kulipia maabara hata senti. Ikishakaangwa na kusagwa, hapo ndipo kemia inapokuwa haina mbadala.

Swali la pili: ni ya mlima huu?

Robusta ikawa imeelezwa, na mnunuzi akaikubali kama uzembe wa kiwanda. Lakini kilo 20 haziwezi kushusha kontena zima kutoka 85 hadi 81. Magunia yasiyo na robusta hata punje moja yalionja 81 vilevile. Mnunuzi alilijua hilo, nasi tulilijua. Swali la magharibi likarudi mezani.

Kupima asili ya kahawa ni kazi ya aina nyingine kabisa. Robusta ina alama yake ndani ya punje popote ilipo. Mlima hauna alama ya namna hiyo. Unacholinganisha ni mchanganyiko wa vitu ambavyo mmea umekunywa: maji na udongo.

Udongo husomwa kwa strontiamu. Ndani ya mawe, rubidiamu hubadilika polepole mno kuwa strontiamu-87, hivyo mawe ya kale sana yenye rubidiamu nyingi hukusanya strontiamu hiyo kuliko mawe mapya ya volkano. Mmea hunywa strontiamu ya udongo bila kubadilisha uwiano wa aina zake. Elgon ni volkano iliyozimika, mawe yake ni ya juzi kwa hesabu ya jiolojia. Rwenzori, ingawa ni mrefu zaidi, si volkano. Ni bonge la mawe ya kale lililoinuliwa. Kwa hiyo milima hii miwili tuna sababu ya kutarajia iandike namba tofauti ndani ya punje.

Maji husomwa kwa oksijeni. Mawingu yanapopanda mlima huangusha kwanza maji yenye oksijeni nzito, na mvua ya juu inabaki nyepesi zaidi: kwa wastani wa dunia, uwiano wa oksijeni nzito hushuka sehemu mbili hadi tatu katika elfu kumi kwa kila mita 100.

Tatizo ni kwamba namba hizi peke yake hazisemi lolote. Lazima uwe na kahawa ya rejea ambayo unajua kwa hakika imetoka wapi. Hakuna hazina ya sampuli za mlima ule iliyokuwa wazi kwetu. Tulikuwa na mitungi 14 ya kahawa ya ganda ambayo karani wa kituo alikuwa ameihifadhi kwa siku tofauti za kukausha, na mashamba 12 ya wanachama tukayaendea kwa miguu kuchukua kahawa iliyobaki. Kutoka magharibi tulipata sampuli sita kupitia mtu tuliyemwamini. Ni chache. Maabara ilisema ni chache, nasi tukakubali kuendelea, kwa kuwa swali la mnunuzi lilikuwa pana: Elgon au Rwenzori? Kwa swali pana, sampuli chache zinaweza kutosha.

Majibu yalitoka wazi upande huo. Strontiamu ya kontena ilikaa katikati ya mitungi yetu na mashamba yetu, mbali na zile sita za magharibi. Oksijeni haikuleta ubishi. Waraka ulimalizia kwa sentensi niliyoisoma mara tatu: kahawa ya mzigo "haiwezi kutofautishwa na sampuli za rejea zilizoletwa".

Chamani walipiga vigelegele. Maabara imetusafisha, walisema. Mimi nikabaki na lile neno "haiwezi kutofautishwa". Halisemi ni ile ile. Linasema kipimo hiki hakikuona tofauti. Na alama 81 bado ilikuwa haijaelezwa.

Daftari

Niliomba daftari la kupokelea matunda. Karani, dada makini sana, alinipa bila kusita. Jumla ya msimu kwa mzigo ule ilikuwa kilo 96,000 za matunda.

Kilo tano za matunda hutoa takriban kilo moja ya kahawa ya ganda. Kahawa ya ganda ikikobolewa hubaki asilimia 80 hivi. Kwa hiyo kilo 96,000 zinatoa kilo 19,200 za ganda, na hizo zinatoa kilo 15,360 za kahawa safi. Gawanya kwa 60: magunia 256.

Tuliuza 320.

Na hesabu hiyo ni ya huruma, kwa kuwa inachukulia kila punje ilifaa kusafirishwa. Kiwandani lazima kuna zinazotolewa: ndogo, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Kwa ukarimu wote, magunia 64 hayakuwa na mama.

Msimamizi wa kituo hakukana kwa muda mrefu. Mvua zilivuruga kuiva kwa matunda, wachuuzi walikuwa wanalipa taslimu barabarani, na wanachama wenye shida za ada za shule waliwauzia hao. Mkopo wa msimu ulikuwa unadai. Akaenda kwenye bonde la chini, mita 1,450 hivi, akanunua kilo 4,800 za ganda lililomenywa na kukaushwa majumbani, akalichanganya ghalani usiku. "Kontena haliendi nusu," aliniambia. Bei aliyonunulia ilikuwa chini ya aliyoiandika. Tofauti ilikwenda wapi ni mambo ya chama, sitayaandika hapa.

Sampuli iliyopata 85 ilikuwa imechukuliwa kabla ya usiku huo.

Sasa rudi kwenye oksijeni uone kwa nini maabara isingeweza kulijua hili hata ingetaka. Tofauti ya mita 350 inaleta kama sehemu tisa katika elfu kumi. Lakini kahawa ya chini ilikuwa moja ya tano tu ya mzigo, hivyo mchanganyiko unasogea chini ya sehemu mbili katika elfu kumi. Hiyo inapotea ndani ya kosa la kawaida la mashine, na mashamba yetu 12 yalitofautiana yenyewe kwa yenyewe kuliko hivyo. Strontiamu nayo ni ya volkano ile ile juu na chini. Kemia ilisema kweli tupu: kahawa ni ya Elgon. Mkataba ulisema kituo.

Uamuzi wa pili: kumwambia mnunuzi

Hapa ndipo kikao kilikuwa kigumu. Mwenyekiti alinitazama akasema, "Mwanangu, hakimu amekwisha sema hatuna kosa. Wewe unataka tukate rufaa dhidi yetu wenyewe?" Watu walicheka, lakini hawakuwa wanafurahi.

Sababu za kusema zilizotolewa mezani hazikuwa za uadilifu peke yake, na sioni aibu kuzitaja. Mnunuzi huja kila mwaka, hukaa siku tatu, na huomba kuona daftari. Angeweza kupiga hesabu ile ile kwa kalamu yake. Pili, bado alikuwa na sampuli iliyofungwa lakiri, na siku moja mtu angemuuliza kwa nini kikombe kilishuka. Sababu ya tatu ilitolewa na mama mmoja mjumbe wa kamati: kama tukinyamaza, msimamizi atakuwa ametushika wote mkononi. Baada ya neno hilo kura ilipita, watu tisa kwa wanne.

Barua ilieleza magunia 64, bonde la chini, na hesabu yote. Hatukuficha kwamba kahawa ilikuwa imechanganyika kiasi kwamba hakuna gunia ambalo lingeweza kusemwa ni safi.

Matokeo

Mnunuzi alilipa bei ya mkataba kwa sehemu nne za mzigo, na bei ya Bugisu ya kawaida kwa sehemu ya tano. Jina la kituo halikuandikwa kwenye pakiti msimu ule. Iliuzwa kama kahawa ya mlima tu, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mwaka uliofuata aliagiza nusu kontena pamoja na chama kingine. Kiwanda kilirudisha ada ya kukoboa ya magunia 11, baada ya kuzungushana miezi miwili.

Malipo ya pili ya wakulima yalipungua, na waliopungukiwa zaidi ni wale walioleta matunda yao yote kituoni bila kumuuzia mchuuzi hata kilo. Hilo halikupata dawa. Wanachama wawili wa aina hiyo walihama.

Msimamizi aliondoka. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba aliwasaidia.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni kuuliza sampuli imetoka wapi kabla ya kubishana na namba. Waraka wa kwanza haukuwa na kosa la kikemia. Kosa lilikuwa kwenye bambo: gunia tatu za mlangoni zilipewa kazi ya kusema kwa niaba ya 320. Nimeona visa vingine vya aina hii, na karibu kila mara ugomvi huwa wa kuchukua sampuli, halafu watu wanagombana kuhusu mashine.

Sampuli za siri zilistahili gharama yake. Si kwa sababu tulishuku maabara. Ziliwapa wakulima, ambao hawakuwahi kuiona, sababu yao wenyewe ya kuiamini. Kuanza na swali la robusta kabla ya swali la mlima pia kulikuwa sahihi, maana cha kwanza ni kipimo kimoja chenye jibu, na cha pili ni mradi.

Kilichoshindwa ni mpangilio wangu mimi. Daftari lilikuwa kwenye meza ya karani tangu siku ya kwanza. Hesabu ya kugawanya kwa tano na kuzidisha kwa 0.8 ni ya dakika mbili. Tulitembea mashamba 12, tukasafirisha mitungi, tukalipia strontiamu, kisha ndipo nikaomba daftari. Nikijitetea, swali la mnunuzi lilikuwa la kikemia na nikalijibu kikemia. Lakini nilipaswa kuliuliza upya kwa lugha ya kituo: matunda yaliyoingia yanatosha kahawa iliyotoka?

Kushindwa kwa pili ni kwa mkataba. Sampuli ya idhini ilichukuliwa kwenye ganda, kabla ya kukoboa kwa mwisho. Kati ya hapo na kontena kulikuwa na mlango mpana, na vyote viwili, robusta ya kiwanda na ganda la bondeni, vilipitia mlango huo huo. Sasa chama huchukua sampuli baada ya kufunga magunia, na zamu ya kukoboa hutanguliwa na magunia mawili ya kusafishia mashine ambayo huuzwa sokoni hapo hapo. Kiwanda kililalamika, kikazoea.

Kuhusu vipimo vya asili nina msimamo, na si kila mwenzangu ataukubali. Vina nguvu kwa maswali ya mbali: volkano au mawe ya kale, nchi hii au ya ng'ambo ya bahari, arabika au robusta. Kwa maswali ya karibu, kilima hiki au kile, kituo hiki au cha jirani, bado vinategemea sana rejea iliyokusanywa kwa misimu mingi, na ahadi nyingi za kibiashara zinakimbia mbele ya rejea hizo. Wakulima wanaouza kwa jina la kituo wanauza swali la karibu.

Karani yule dada ndiye msimamizi sasa. Rafu ya mitungi imekuwa ukuta mzima: kilo moja ya kila siku ya kukausha, tarehe, namba ya kichanja, na kilo za matunda yaliyozaa kahawa hiyo. Mwaka jana aliongeza mitungi mitano yenye kifuniko chekundu. Nilipomuuliza ni ya nini, alisema ni ganda la bonde la chini, amelinunua yeye mwenyewe kwa stakabadhi, ili siku nyingine maabara ikiulizwa iwe na kitu cha kulinganisha.